Bosi anayeagiza kwa mdomo tu, hasara ikitokea inakuwa yako: miaka 2 na miezi 4 kwenye ofisi ya kliaringi

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa zangu. Uzi huu utakuwa mrefu, naomba mnivumilie maana nimeuahirisha karibu miaka miwili. Kilichonifanya nikae chini niandike ni mdogo wangu wa mwisho, kapata kazi yake ya kwanza juzi hapa Dar, anarudi nyumbani saa nne usiku, hali chakula, hasemi, simu ikilia anashtuka. Nilipomuona anashtuka vile nikajua kabisa yuko wapi kwa sababu mimi pia nilikuwa nashtuka hivyo hivyo.

Kampuni siitaji, bosi simtaji, naombeni msinibane kwa hilo. Ni kampuni ya kliaringi na fowadingi, yaani tunawatolea wateja mizigo yao bandarini, ofisi ipo mjini, kutoka pantoni (kile kivuko cha Kigamboni) unatembea kwa miguu unafika. Mimi naishi Kigamboni. Niliajiriwa Februari 2021 upande wa operesheni, kazi yangu kuandaa nyaraka za forodha, kufuatilia makadirio ya kodi, kufuatilia delivari oda (ile ruhusa ya kuchukua mzigo) kwa kampuni ya meli, na kuhakikisha konteina limetoka bandarini au ICD (bandari kavu) kabla siku za bure hazijaisha. Mshahara laki 9 kabla ya makato. Kwa kijana aliyetoka kukaa nyumbani mwaka mzima hiyo ilikuwa hela, mama alilia siku napata ile barua.

Sasa watu wakisikia ofisi mbaya wanafikiria bosi anayetukana. Matusi yalikuwepo, sikatai, tena ya mbele za wateja, "nyie watoto mmesomea wapi", "ukitoka hapa utaenda kuuza maji pale Kivukoni". Hayo nilizoea ndani ya miezi mitatu, na hapo ndipo ujue mtu ameshaanza kuharibika, akizoea. Ila sicho kilichonimaliza. Kilichonimaliza ni kwamba ile ofisi ilikuwa haiandiki kitu. Hakuna agizo hata moja la bosi lililokuwa kwenye karatasi wala imeili. Kila kitu ni kwa mdomo, au anakupigia simu, au anapita mezani kwako anasema halafu huyo anaondoka. Likienda vizuri ni yeye, likiharibika "nani alikutuma ufanye hivyo?"

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe inavyokwenda ili muelewe hasara inazaliwaje.

Mteja ana konteina lake linakuja. Meli ikishafika, kampuni ya meli inakupa siku kadhaa za bure, zikiisha konteina lao linaanza kuhesabiwa demareji, kila siku dola kadhaa, na kadri siku zinavyozidi ile bei kwa siku inapanda. Hiyo ni ya kampuni ya meli. Bandari nao, au ICD kama mzigo umehamishiwa huko, wana storeji yao, saa yao inakimbia kivyake. Kwahiyo mzigo ukilala unaliwa pande mbili kwa wakati mmoja. Mtu wa operesheni maisha yake yote ni kukimbizana na hizo saa mbili. Unaamka usiku unahesabu siku.

Sasa kwenye ofisi yetu malipo yote, namaanisha yote, hata elfu 20 ya kumpeleka mtu ICD, lazima bosi aidhinishe yeye mwenyewe. Hakuna mwingine. Kulikuwa na meneja wa operesheni, shemeji yake, alikuwa hajui hata deklaresheni ya forodha inasomwaje, yeye kazi yake ilikuwa kuripoti nani kachelewa na nani kacheka na nani. Hakuwa na saini. HR alikuwa ndiye mhasibu huyo huyo, dada mmoja mpole sana, naye alikuwa hana saini. Kwahiyo bosi akisafiri Dubai wiki moja, ofisi inasimama wiki moja, na zile saa mbili hazisimami.

Na kuna jambo lilinichukua karibu mwaka kulielewa. Hela za wateja zilikuwa zinazungushwa. Mteja A analeta hela ya kodi na delivari oda ya mzigo wake, ile hela inakwenda kulipia mzigo wa mteja B ambaye ni mkubwa na anapiga kelele, tukisubiri mteja C alete yake ndo turudi kwa A. Ikienda vizuri hakuna anayejua. Ila mteja C akichelewa siku 4 tu, konteina la A limeshaingia kwenye demareji, na A alishalipa kila kitu mapema, anauliza kwanini mzigo wake haujatoka. Na anayepokea ile simu ni mimi. Naambiwa nimwambie "mtandao wa TRA uko chini". Nimesema huo uongo mara nyingi mno na kila mara nilikuwa naumia, kuna mama mmoja mfanyabiashara wa vifaa vya saluni alikuwa ananiita mwanangu, nilimdanganya siku 6 mfululizo.

Haya. Oktoba 2022 kukawa na konteina la vigae la mteja wa kawaida tu. Hela alishaleta yote. Invoisi ya kampuni ya meli ikatoka Jumanne, nikaipeleka kwa bosi saa tatu asubuhi, akaniambia "subiri kwanza, kuna kitu cha haraka namalizia". Jumatano nikamkumbusha, "nimeshakwambia subiri". Alhamisi akasafiri. Narudi kwa shemeji, shemeji ananiambia mimi sina mamlaka. Nampigia bosi hapokei, akipokea anasema "mambo madogo kama hayo mnanipigia simu nje ya nchi?" Anarudi, siku zimeshapita 9. Ukijumlisha demareji na storeji ikafika milioni 1 na laki 8. Mteja akakataa kulipa hata senti, na alikuwa na haki.

Ikaitishwa kikao. Tukakaa pale kama watu wa msiba. Bosi akauliza nani alikuwa anashika faili hilo, nikasema mimi. Akasema kwanini hukufuatilia malipo? Nikasema bosi nilikuletea invoisi Jumanne, ukaniambia nisubiri. Akaangalia watu wote mezani akasema, "Mimi? Mimi nikwambie usubiri konteina liingie demareji? Nina akili gani?" Halafu akamuuliza shemeji, "uliwahi kusikia nikisema hivyo?" Shemeji akasema hapana. HR kainamisha kichwa. Nikabaki nimesimama pale sina kitu mkononi, sina karatasi, sina ujumbe, sina shahidi. Nilianza mpaka kujiuliza, labda kweli hakusema? Labda nilielewa vibaya? Wakuu, siku mtu anapokufanya usiamini masikio yako mwenyewe, hapo ndipo pameoza, hayo matusi ni mchezo wa watoto.

Hasara ikagawiwa watu wanne. Laki nne na nusu kila mmoja. Mimi, mwenzangu wa dawati la pili, kijana wa ICD, na mzee mmoja anayekimbiza nyaraka bandarini, mzee wa watu ambaye hata lile faili hakuwahi kuligusa, alitumwa tu kupeleka bahasha. Mshahara wake laki 3 na elfu 80. Mimi nilikatwa mkupuo mmoja mwisho wa Novemba, nusu ya mshahara. Mzee akakatwa laki na nusu kwa miezi mitatu. Tulikutana kwenye ngazi, nikamwamkia shikamoo mzee, akaniitikia marahaba mwanangu, halafu akasema "Desemba hii wajukuu watanisamehe". Sijasahau.

Sikujua wakati ule, ila najua sasa, na hapa ndipo nataka kila anayesoma asimame kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 28, mwajiri hakati mshahara wako kienyeji. Kama ni hasara, lazima iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, lazima akueleze kwa maandishi kiasi na sababu, lazima akupe nafasi ya kupinga, muwe mmekubaliana kwa maandishi, na hata hapo makato hayazidi robo ya mshahara wako. Robo ya laki 9 ni laki 2 na elfu 25. Robo ya laki 3 na 80 ni elfu 95. Mimi nilikatwa nusu, mzee alikatwa zaidi ya theluthi, na hakuna aliyeandikiwa hata mstari mmoja. Tungejua siku ile ile tusingenyamaza, au pengine tungenyamaza maana tulikuwa waoga, ila angalau tungejua tunaibiwa.

Mniruhusu niseme kidogo habari ya yule dada wa dawati la pili maana bila yeye stori haijakamilika. Alikuwa mjamzito mwaka 2022 mwanzoni. Alitoa taarifa mapema na karatasi ya kliniki akapeleka. Likizo ya uzazi ni siku 84 na ni za malipo, hilo kila mtu analijua. Siku ya 30 tangu ajifungue akapigiwa simu, kwamba kuna faili lake halieleweki aje "masaa mawili tu". Alikuja na mtoto mgongoni, kavaa kanga, kovu halijapona, akakaa mpaka saa kumi na moja. Kesho yake tena. Sheria inasema mama hafanyi kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua labda daktari athibitishe kwamba yuko sawa. Alipoisha likizo akaomba atoke mapema akanyonyeshe, na sheria inampa mpaka masaa mawili kwa siku kwenye muda wa kazi. Bosi akamjibu kwenye grupu la WhatsApp, mbele ya watu wote, kwamba ofisi siyo leba. Watu wakaweka vidole gumba. Na mimi niliweka. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu dada yule ndiye alinigawia chakula chake siku zile nimekatwa nusu mshahara.

Hilo grupu nalo. Saa tano usiku ujumbe, saa kumi na moja alfajiri ujumbe. Usipojibu ndani ya dakika 10 anakutaja jina. Sheria inasema masaa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, yakizidi ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu, siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu mara mbili. Sisi tulikuwa tunafika 65 bila shida na ovataimu hatukuwahi kuiona. Mimi nilianza kuumwa tumbo kila Jumapili jioni. Nikienda hospitali wanapima hawaoni kitu. Daktari mmoja wa kike, mtu mzima, akafunga faili akaniuliza tu, "kijana, kazini kwenu kukoje?" Nikashindwa kujibu, machozi yakatoka.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa ujasiri, nawaambia ukweli. Ilikuwa ni yule dada HR. Siku moja Januari 2023 tumebaki wawili ofisini, umeme umekatika, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, wewe kila akikwambia kitu, mwandikie. Usimuulize. Mwandikie tu kwamba nimekusikia." Basi. Hakuongeza neno.

Nikaanza. Bosi akipita akisema "lile la spea subirisha", akiondoka tu namtumia imeili fupi: "Bosi, kama ulivyoelekeza leo saa nne na robo, malipo ya delivari oda ya faili fulani nasubirisha. Siku za bure zinaisha tarehe 17." Sina maneno makali, silalamiki, silaumu. Nashukuru, naandika saa na tarehe, natuma. Kama ni WhatsApp natuma WhatsApp. Nikanunua na kauntabuku, nikawa naandika kila siku kabla sijapanda pantoni kurudi, nani kasema nini, saa ngapi, nani alikuwepo.

Wiki ya kwanza hakujibu. Wiki ya pili akaniita akaniuliza "hizi imeili za nini?" Nikasema bosi nina faili nyingi naogopa kusahau. Wiki ya tatu akaja juu kweli, akasema nataka kumfunga, mimi ni msaliti, mtu wa kwao hawezi kumfanyia hivyo. Ila kitu kimoja kikatokea. Malipo ya mafaili yangu yakaanza kutoka kwa wakati! Ya wengine yakawa yanalala, yangu yanatoka. Kwa sababu alijua yangu yakilala jina lake lipo pale na saa. Mimi sikuamini, mtu ambaye nilidhani hajui kupanga kazi kumbe anajua, alikuwa hana tu sababu ya kupanga ilimradi hasara inabebwa na wengine.

Na ndio maana nasema tusiishie kwenye "bosi ana roho mbaya". Inawezekana anayo, mimi sijui ya moyoni. Lakini ofisi ilikuwa imejengwa hivi kwamba mwenye mamlaka yote hana gharama yoyote, na wenye gharama zote hawana mamlaka hata ya elfu 20. Ukimuweka mtu yeyote pale juu bila karatasi, atafika huko huko, labda achelewe tu kufika.

Bila shaka sikukaa kwa amani. Nikaondolewa kwenye mafaili makubwa, nikapelekwa dawati la karibu na choo, shemeji akawa ananipiga picha nikifika saa mbili na dakika tano pantoni ikichelewa. Mwisho wa Mei 2023 nikakatwa tena laki 3, sababu niliambiwa ni "uzembe wa jumla". Uzembe wa jumla, wakuu! Hakuna faili, hakuna tarehe.

Nilitaka kuondoka siku hiyo hiyo, nitupe funguo mezani nitoke. Kaka yangu wa Morogoro ndiye alinizuia kwa simu, akasema ukitoka hivyo wewe ndiye mtoro. Na ni kweli, mnaolipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, ukiondoka bila notisi mwajiri naye anaweza kukudai hizo siku. Kwahiyo tarehe 2 Juni 2023 nikaandika barua ya kuacha kazi, siku yangu ya mwisho tarehe 30. Na kwenye barua sikuandika "kwa sababu binafsi" kama tunavyofundishwa kuandika ili tuonekane wastaarabu. Niliandika sababu zote, makato ya Novemba na Mei, masaa, na jinsi nilivyoripoti kwa imeili tarehe fulani na fulani bila majibu. Nikapiga kopi, nikamuomba dada wa mapokezi agonge muhuri wa kupokea kwenye kopi yangu. Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi iwe haivumiliki mpaka mtu akaacha, huko kunaweza kuhesabika ni kuachishwa. Mimi sikwenda kudai kwa njia hiyo, nilikuwa nimechoka na nilitaka hela yangu na cheti tu, lakini mtu aliyeandika "sababu binafsi" kwa mkono wake anaanza safari hiyo akiwa na mlima mbele yake.

Tarehe 30 ikafika, mshahara wa Juni haukuingia. Cheti cha utumishi nikanyimwa, bosi akasema "nenda kakiombe huko unakoandikaga imeili". Na nilipokwenda NSSF kucheki michango yangu nikakuta miezi 7 haipo. Kwenye slipu nimekatwa asilimia 10 yangu kila mwezi, na mwajiri alitakiwa aweke na yake ifike 20, kumbe hata ile yangu ilikuwa haifiki. Hapo nililia kuliko siku ya makato, kwa sababu makato niliyaona, hii sikuiona.

Julai 18 nikaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Watu wengi wanapaogopa wakidhani ni mahakama unahitaji wakili. Mimi nilijaza ile fomu namba 1, nikampelekea mwajiri nakala yake wakasaini kupokea, nikairudisha CMA na uthibitisho. Sikulipa ada. Na hapa ndipo nilipopata kipigo changu kikubwa kwa kutokujua: kama umeachishwa kazi una siku 30 kupeleka mgogoro, na migogoro mingine siku 60. Makato ya Mei yalikuwa ndani ya siku 60. Makato ya Novemba yalikuwa yamepita zamani. Unaweza kuomba kuongezewa muda ila lazima uwe na sababu ya msingi ya kuchelewa, na "niliogopa bosi" niliambiwa wazi kwamba itakuwa ngumu. Nikaacha. Ile laki nne na nusu ya vigae ilikwenda, na ya mzee ilikwenda, na ya dada ilikwenda.

Usuluhishi ulikuwa Agosti 10. Alikuja shemeji na mwanasheria. Mwanasheria alikuwa kijana mstaarabu, akaanza na "mlalamikaji alikuwa mzembe". Msuluhishi akamuuliza, mlimpa barua ya kueleza hasara? Hakuna. Mlimsikiliza? Hakuna. Makubaliano ya maandishi? Hakuna. Akageuka kwangu nikatoa imeili zimechapwa 41, kwa mpangilio wa tarehe. Mwanasheria akaomba dakika 15 nje aongee na mteja wake. Niliwaona dirishani, shemeji anaongea na simu anatembea huku na huku. Waliporudi wakakubali laki 3 za Mei, mshahara wa Juni wote, na cheti. Tukasaini pale pale, na yale makubaliano yakisainiwa CMA yana nguvu, asipolipa unakwenda mahakamani kukazia kama hukumu. Alilipa baada ya wiki mbili. NSSF nao walifuatilia kivyao, michango ikaingia kidogo kidogo mpaka mwaka uliofuata.

*

Wakuu nimerudi, jana nililala. Nimesoma mliyoniuliza, najibu machache.

Mkuu uliyeuliza kwanini sikuondoka miezi ile ya mwanzo. Mama alikuwa anatibiwa presha, kodi ya nyumba tunalipa miezi sita sita, na nilikuwa na mkopo wa laki 8. Naomba tuache kuwaambia watu "si uache kazi tu" kana kwamba kazi zimepangwa barabarani. Mtu anaweza kuhitaji mwaka mzima kujiandaa kutoka, na huo mwaka anatakiwa aishi nao vizuri iwezekanavyo. Kuandika ndiko kulikonisaidia kuishi ule mwaka, usingizi ulirudi kabla hata sijatoka.

Dada uliyeuliza kama ujumbe wa WhatsApp unakubalika. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za kielektroniki zinapokelewa kama ushahidi ila wanaangalia kama zinaaminika. Kwahiyo usifute, usibadilishe simu ukaitupa ile ya zamani, piga skrinishoti zinazoonyesha namba na tarehe, chapa. Na imeili za kazini jitumie kopi za zile zinazokuhusu wewe tu na stahiki zako, usibebe nyaraka za wateja, hapo utageuziwa kesi wewe.

Ndugu wa Arusha uliyesema huna mkataba wa maandishi kabisa, miaka minne. Kutokuwa na karatasi siyo kwamba huna ajira. Ni jukumu la mwajiri kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na mkifikishana kwenye vyombo akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai unakuwa wake. Kusanya miamala ya mshahara ya benki au ya simu, kitambulisho, picha za sare, orodha ya mahudhurio, chochote.

Na wewe uliyeandika kwamba wewe ndiye bosi na wafanyakazi wa siku hizi ni wavivu. Mkuu sijakuja kugombana. Nakuomba kitu kimoja, kesho mpe mtu mmoja pale ofisini mamlaka ya kuidhinisha malipo madogo ukiwa haupo, kwa maandishi, halafu uangalie mwezi mmoja. Kliaringi niliyopo sasa, msimamizi wangu ana kikomo chake cha kusaini, hatusubiri mtu ashuke kwenye ndege. Anagomba pia, tena sana, ila akigomba anagomba juu ya kitu kilichoandikwa, unaweza kumwonyesha akasema haya nimekosea mimi. Mara ya kwanza kusikia meneja anasema hivyo nilitoka nje nikasimama koridoni kidogo.

Mdogo wangu nimempa kauntabuku langu la zamani alisome. Amesoma mpaka saa nane usiku. Asubuhi ameniuliza swali moja tu, ile imeili ya kwanza kabisa niliianzaje. Tumekaa tumeandika yake pamoja, mistari mitatu, kaituma kabla ya kutoka nyumbani.

Na yule mzee wa nyaraka mnayemuulizia, bado yupo pale. Mwaka wa 13 huu bila mkataba. Nilikutana naye kwenye pantoni wiki iliyopita, kachoka, anasema wamemwambia umri umekwenda apumzike, kwa mdomo, hajapewa barua wala tarehe. Nikamwambia mzee, mtu akiwa amemaliza mwaka mmoja na kuendelea, akiachishwa mara nyingi kuna kiinua mgongo, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika mpaka miaka 10, likizo ambazo hukwenda nazo zinalipwa, na notisi siku 28, na siku wakikuachisha tunazo siku 30 tu. Akaniambia "mimi mwanangu kuandika siku hizi macho hayaoni". Jumamosi saa nne tunakutana Kivukoni, analeta slipu zote alizonazo kwenye mfuko wa rambo, mimi nakwenda na kalamu. Mwenye kumfahamu mtu wa chama cha wafanyakazi upande wa usafirishaji na mizigo naomba aniandikie pembeni kabla ya siku hiyo.